Mashamba Matatu ya Bondeni

Mwangaluka. Naona wazee mmeitikia na vijana mmenyamaza. Haya, na ninyi habari za asubuhi. Mchungaji amenipa dakika kumi, na mke wangu pale, mwalimu, ameshika simu yake kunihesabia, kwa hiyo mkiniona nakaa ghafla mjue zimekwisha.

Nimeambiwa niseme leo kwa sababu tuna wageni tisa waliosimama kujitambulisha, na mchungaji anaona habari yangu itawafaa. Mimi sina uhakika. Shuhuda nyingi tunazozisikia hapa mbele zinaanza na pombe au uganga, halafu mtu anaokoka. Yangu haina pombe. Mimi nilianguka nikiwa natumika, asubuhi na mapema, kwa jasho, nikidhani Mungu ananitazama na kufurahi. Sitamtaja mtu jina. Anayejua anajua, na asiyejua naomba asije kuniuliza mlangoni.

Natokea Lingeka, kule Meatu. Nilikuja hapa mwaka juzi, mwezi wa tisa, kwa kumfuata mke. Ndiyo, chekeni, nimezoea. Yeye alipata uhamisho kuja shule ya hapa, mimi nikafunga mizigo na kuswaga ng'ombe wanne kwa miguu mpaka Bariadi. Wawili kati yao ni maksai wa kulimia. Mmoja anaitwa Serikali, kwa sababu anakwenda polepole ila ukimwachia anafika. Mwenzake ni Shemeji, yeye hafanyi kazi mpaka abembelezwe. Nimewafundisha mwenyewe tangu wakiwa ndama, hawahitaji mtu wa kuwashika mbele. Nashika plau nyuma, naongea nao, wanageuka.

Kwetu nilikuwa mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nagonga kengele ya kanisa, mimi ndiye niliyekuwa natumwa kuombea wagonjwa, na msiba ukitokea nilikuwa naitwa kabla hata ya kaburi kuchimbwa. Hapa nikawa mume wa mwalimu. Sokoni mume wa mwalimu, kisimani mume wa mwalimu. Siku ya kwanza nilisimama pale pale waliposimama wageni leo, mkanipigia makofi, mkaniimbia wimbo wa kunikaribisha, nikakaa. Na baada ya hapo, ndugu zangu, nawaambia ukweli, hakuna aliyenikumbuka. Nilikwenda kwaya, mwalimu wa kwaya akanisikiliza ubeti mmoja akasema tutakuita. Bado nasubiri. Nikaomba kupokea watu mlangoni, nikaambiwa wapo wa kutosha. Nikawa nakaa benchi la mwisho, naimba, naondoka.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenifuata. Alikuwa ndugu mwenye heshima, mwenye dhamana ya huduma ya wajane. Wageni, niwaeleze kidogo, maana hamjui: kanisa hili lina desturi nzuri. Mvua ya kwanza ikinyesha, wenye ng'ombe wanalima kwanza mashamba ya wajane na wazee wasiojiweza, halafu ndipo wanalima ya kwao. Anayepanga nani amlimie nani ni mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo. Wakati ule alikuwa yeye.

Alikuja nyumbani bila kuitwa. Tukamkaribisha michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, na maziwa ya mgando, akala vizuri, akatoka nje kuwaona maksai. Akawashika migongo, akafumba macho, akawaombea. Mimi machozi yalinilenga pale pale zizini. Nilikuwa na miezi miwili sijaombewa na mtu yeyote, na huyu alikuwa anawaombea ng'ombe wangu.

Kisha akaniambia, "Ndugu, nina wajane watatu, mashamba yao yako kule bondeni karibu na mto. Hawana mtu. Ila hawa wana aibu sana, watoto wao wamesoma na wamewasahau. Usiende kwao, usiwatajie kitu, wasije wakaona tunawasimanga. Wewe lima, nyamaza. Mungu anaona."

Maneno matamu jamani. Mimi nilikuwa nimeyangoja kama mtu aliyeshinda njaa.

Mtaniuliza, mbona hukuuliza wajane hao ni akina nani? Wasukuma wenzangu mnajua jibu. Huku kwetu mtu mgeni anayezunguka kuuliza shamba hili la nani, lile la nani, mpaka wake unaishia wapi, anaonekana anatafuta ardhi ya watu, au ana lake jambo. Mimi nilikuwa bado hata majirani hawajanizoea. Nikaona adabu ni kunyamaza. Akanipeleka siku moja, akanionyesha kwa kidole, anzia huu mti mpaka ule, nikasema sawa.

Mvua ilipoanza mwezi wa kumi na moja nililima siku tisa. Nilikuwa naamka kabla hakujapambazuka, nawafunga nira, mpaka saa nne jua likishaanza kuwachosha nawaachia. Udongo wa bondeni ni mweusi na mzito, ukilowa unashika plau kama umeishona. Siku ya saba bega la Shemeji likachubuka kwa nira, nikampaka mafuta, nikaendelea. Na nilikuwa nafurahi, sitawadanganya. Nilikuwa naimba kule, sauti ile ile iliyokataliwa na kwaya. Kila mstari nilikuwa nasema moyoni, mama mmoja asiyenijua atakula kutoka hapa.

Shamba langu la kukodi, ekari mbili, nililigusa mvua za mwanzo zikiwa zimekata. Pamba yangu ikaota imechelewa, ikatoa vitumba vichache, na vile vichache wadudu wakala. Mwaka ule tulikula mshahara wa mke. Alinitazama, akasema, "Wajane wako wamevuna?" Nikamwambia wamevuna. Maana nilikuwa nimepita kule bondeni nikaona pamba imesimama nyeupe kiasi cha kuumiza macho.

Sasa sikilizeni kilichoanza kutokea hapa ndani. Nikawa namsalimia mtu, anaitikia akitazama pembeni. Akina mama wakawa wananipita mlangoni kana kwamba mimi ni bawaba. Siku moja mzee mmoja akasimama kwenye matangazo akasema wapo watu wanakuja kanisani kupokea tu, wakiombwa wanafunga mikono. Nikageuka kumtafuta huyo mtu, kumbe watu walikuwa wananitazama mimi.

Nikampelekea yule ndugu shida yangu. Nani mwingine ningempelekea? Akaniweka mkono begani, akasema, "Watu wa hapa ndivyo walivyo kwa wageni. Vumilia, mimi nipo." Na kweli alikuwepo. Alikuwa anakuja kila baada ya wiki mbili, anakula, ananipa pole kwa ubaridi alioupika mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa saba mama yangu mzazi alifariki kule Lingeka. Nikaenda kuzika, nikarudi. Mnajua tunavyofanya, mtu akirudi kutoka kuzika kanisa linakwenda nyumbani kwake, linaimba, linakaa naye. Mke wangu akaazima viti shuleni. Tulivipanga uani, tukachemsha chai sufuria nzima. Walikuja walimu wenzake wanne, na jirani yetu ambaye hasali popote. Kutoka hapa alikuja mchungaji, peke yake, akasema wengine wamebanwa na kuchuma pamba. Viti vilibaki vitupu tukivitazama, chai ikapoa. Yule ndugu pia hakuja, alituma salamu.

Siku ile nililia, na sikulia kwa ajili ya mama peke yake. Nikamwambia mke wangu nataka barua ya kuhama kanisa, na barua ikitoka mimi narudi Lingeka, yeye atakuja likizo. Hakunibembeleza. Alisema, "Ukiondoka, hapa watabaki wanasema walikuwa sahihi." Sijui alijuaje, maana wakati huo hakuna kati yetu aliyejua ni sahihi kwa lipi.

Nikabaki. Na mvua ya mwaka jana ilipoanza, nisikilizeni ninyi mnaotikisa vichwa, nikaenda tena bondeni. Mashamba yale yale. Safari hii yalikuwa yameongezwa, kumesafishwa kichaka pembeni, akaniambia kuna mjane wa nne. Nikalima na la mjane wa nne. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba kudharauliwa ndiyo utumishi wenyewe. Mtu akishajiambia neno kama hilo, mwizi hana haja ya kuvunja mlango.

Januari, alasiri moja, Shemeji akakata kamba akapotea. Nikafuata nyayo zake mpaka upande wa pili wa kijiji, ambako sikuwa na kawaida ya kufika. Nikamkuta mama mzee analima peke yake na jembe la mkono. Nilikuwa namjua sura, hukaa benchi la tatu upande ule, na leo yupo. Alikuwa amelima kipande kidogo, na shamba lote lililobaki ni majani. Mwezi wa kwanza, ndugu zangu, wakati wenzake mahindi yamefika kiunoni.

Nikamsalimia kama mtu anavyomsalimia mama yake, "Mwadila, mayu."

Akainua uso, akanitambua, akarudi kwenye jembe lake.

"Mayu, hujamwona maksai mwekundu amepita hapa?"

"Maksai wako simjui," akasema. "Nasikia tu kwamba halimi bure."

Nikauliza amesikia wapi. Akasimama, akashika kiuno, akanitazama vizuri. "Si wewe uliyesema? Miaka miwili napangiwa wewe. Mwaka juzi nikaambiwa umesema una shamba lako kwanza. Mwaka jana nikaambiwa umesema ng'ombe wako hawalimi bure, wajane watafute waume. Mimi na wenzangu wawili. Tumekukosea nini, mume wa mwalimu?"

Nikamwambia, "Mayu, nimewalimia wajane watatu. Mwaka huu wanne. Kule bondeni, karibu na mto."

"Bondeni hakuna mjane."

"Mayu, nimelima kwa mikono yangu."

"Bondeni, kuanzia ule mti mpaka mtoni?" Akamtaja yule ndugu, jina lake na la baba yake. "Ni ya kwao yale. Baba yake alimwachia. Kila mtu hapa anajua."

Kila mtu alijua isipokuwa mimi. Nikakaa chini kwenye majani yake. Nilikumbuka ile siku zizini, mkono wake juu ya mgongo wa Serikali, macho amefumba. Kumbe alikuwa anapima ng'ombe wangu, anaangalia wataweza ekari ngapi. Niliwahi kuibiwa baiskeli, niliwahi kuibiwa mbuzi, sijawahi kuumia namna ile. Mwizi wa mbuzi hakai nyumbani kwako akakuombea.

Nikanyanyuka na fimbo yangu. Nikamwambia mayu, naenda kwake sasa hivi. Mama huyu hakunishika, wala hakunihubiria. Alisema, "Utaenda, ng'wanawane. Lakini mvua yenyewe imebaki kidogo. Nilimie kwanza."

Aliniita mwanangu. Tangu nifike hapa, ukimtoa yule aliyeniita ndugu, hakuna aliyekuwa ameniita jina lolote lisilo la mke wangu.

Shemeji nilimpata jioni ile akila majani ya watu, na asubuhi nikaenda na plau. Mayu hakukaa nyumbani. Alisimama pembeni ya njia ya kisimani, na kila aliyepita na ndoo alimsimamisha. "Mnamwona huyu? Ndiye yule aliyekataa. Haya, mtazameni anavyokataa." Kufika saa nne habari ilikuwa imefika kwenye mashine ya kusaga. Pamba ilikuwa imeshapitwa na wakati, mayu akapanda viazi na choroko. Siku zilizofuata nikalima kwa wenzake wawili. Shamba langu msimu huo halikuona plau kabisa, tukala tena mshahara wa mke wangu.

Mliosikia kikao cha wazee mnajua kilichofuata. Ndugu yetu alisema alidhani namsaidia kwa upendo, mtu na rafiki yake, na kwamba mimi ndiye sikuelewa maelekezo. Mayu akasimama na wenzake wawili wakasema waliyoambiwa, kila mmoja kwa mdomo wake. Yule ndugu akanyang'anywa dhamana. Tulipotoka nje alinipita mlangoni akaniambia, "Wasalimie nyumbani." Hilo tu. Hajaniambia neno lingine mpaka leo.

Nataka niwaambie kitu cha aibu. Baada ya hapo nilimkumbuka. Zile wiki mbili zikifika, nilikuwa najikuta natazama njia kama anakuja. Alikuwa rafiki yangu pekee, na hakuwa rafiki. Nimejitahidi kusamehe. Nimesema kwa mdomo kwamba nimesamehe, hapa hapa mbele ya mchungaji. Lakini nikipita bondeni nikaona pamba yake, nasikia mate yananikauka.

Na ninyi pia. Msitazame chini, nawapenda ndiyo maana nasema. Yeye alisema uongo mmoja, ninyi mkauamini mwaka mzima na zaidi, mpaka mkaniachia viti vitupu nikiwa na msiba. Hamkukosa watu wa kuja. Mlikosa mmoja wa kuja kuniuliza, "Ni kweli ulisema hivyo?" Mmoja tu. Na mimi naungama langu: nilikosa kuuliza, "Mjane huyu anaitwa nani?" Nililima siku ishirini bila kutaka kujua sura ya ninayemlimia, kwa sababu ilikuwa tamu zaidi kujiona mtakatifu bondeni peke yangu. Angenipa jina moja la uongo, ningemkamata siku hiyo hiyo. Alijua sitauliza.

Niwashukuru walionisimamisha. Mayu, wabeja sana, wewe hukunipa pole, ulinipa kazi. Wenzako wawili, wabeja. Mchungaji, ulikuja peke yako ukanywa chai iliyopoa vikombe vitatu, sijasahau. Na mwalimu, naona umeinua simu, dakika zimekwisha, subiri kidogo. Misimu miwili ulinilisha na hukunisema mbele ya watu. Ndiyo, mimi ni mume wa mwalimu, na waniite hivyo.

Sasa wageni tisa. Ile dhamana ya wajane nimekabidhiwa mimi tangu mwezi wa sita. Mwenye ng'ombe, mwenye jembe, mwenye nguvu tu, baada ya ibada anifuate. Sitamwonyesha shamba. Nitampeleka nyumbani kwa mwenye shamba, amsalimie, ale chake, amjue na wajukuu. Mtu yeyote wa kanisani akikupa huduma na kukwambia usimwone unayemhudumia, hata akiwa amefumba macho anaomba, muulize jina. Akikasirika, umepata jibu.

La mwisho, nikae. Wiki iliyopita yule ndugu amenitumia mtu. Maksai wake wameugua, mmoja amekufa, na mvua inakaribia. Anaomba nimlimie bondeni. Mara hii ameomba kwa jina lake mwenyewe. Sikulala vizuri. Mke wangu aliniuliza nitajibu nini, nikamwambia sijui, na kweli nilikuwa sijui mpaka juzi. Nimemjibu kwamba nitakwenda. Wajane kwanza, wote, halafu yeye. Na siku hiyo asikae nyumbani. Asimame njiani, pale akina mama wanapopita na ndoo, na kila atakayepita amwambie kwa mdomo wake: hili shamba ni langu, na miaka yote miwili lilikuwa langu.

Mpaka asubuhi hii hajajibu. Mimi plau nimeshainoa.